Konyeza wa Tongoni na deni la usingizi

Mama mmoja aliingia dukani Jumamosi jioni, akapandisha gauni hadi gotini kabla salamu hazijaisha, akanionyesha miguu. Vipele vidogo vyekundu, kuanzia kifundoni hadi kwenye muundi, miguu yote miwili. Anaongea huku anajikuna.

"Maji yanawasha, dokta."

Nikamwuliza kagusa nini. Hakugusa kitu. Alikuwa Tongoni na wenzake wakitanda uduvi kwenye mkondo unaoingia mikokoni, maji yamewafika magotini, mara miguu ikaanza kuchoma. Hakuna aliyeona kitu kinaelea, wala aliyekanyaga kitu. "Maji yenyewe," akasisitiza, na wateja wawili waliokuwa nyuma yake wakadakia: ni kweli, yapo maji ya namna hiyo, hata Mwambani yapo.

Nikampa Piriton, kidonge cha mzio, na losheni ya kalamaini, nikamwonya kwamba vidonge vitamletea usingizi, akalipa, akaenda zake. Mimi nikabaki na maneno yake.

"Dokta" ni heshima ya wateja tu. Nauza dawa hapa Ngamiani, mjini Tanga, udaktari sikuusomea. Lakini nimeuza dawa za mzio kiasi cha kujua kwamba ngozi haiumuki bure. Nyuki ana mwiba. Upupu una vinyweleo. Maji ya chumvi yana nini?

Wiki zikapita, swali likakataa kuondoka.

Waliolala chali

Nilikwenda Tongoni kipindi cha maji mafu. Siku za bamvua mkondo ule ama unakauka kabisa, ama unajaa na kuchafuka usione hata vidole vyako vya miguu. Maji mafu yametulia, unaona hadi chini. Yule mama na wenzake walinipokea, tukapita upande wa magofu, tukaingia mikokoni kwa mstari mmoja. Mkubwa wao akatangulia, wengine wakafuata kwa umri. Mimi mgeni nikawekwa mwisho.

Hapo ndipo nilipowaona.

Chini kwenye tope, kati ya mizizi ya mikoko, walikuwa wametapakaa viumbe wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani. Wengine upana wa kiganja, wengine wakubwa zaidi, wamesogeleana hadi pindo za mmoja zinamgusa jirani. Ukipita haraka utadhani ni mwani uliong'oka ukatuama. Ukisimama kidogo, unaona pindo linacheza. Linajikunja, linaachia. Linajikunja, linaachia.

Konyeza.

Konyeza tuliyemzoea, yule anayejaa kwenye nyavu na kuwatia wavuvi hasira, huelea: kofia juu, mikono inaning'inia chini. Huyu kajigeuza kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Kofia kaikandamiza kwenye tope, na mikono yake minane, yenye matawi na vishada, kaielekeza juani. Mgongo wa kofia umebonyea katikati, na ule ubonyeo ndio unaomshika chini asichukuliwe na mkondo. Mdomo mmoja hana. Ana vinywa vidogo vingi mno vilivyotawanyika kwenye ile mikono, na kila pindo linapojikunja, maji yanasukumwa juu na kupita kwenye vinywa hivyo.

Kwa wasomi anaitwa *Cassiopea andromeda*. Aliyemwandika wa kwanza ni Peter Forsskål, Mswidi aliyekuwa kwenye msafara uliotumwa Uarabuni na mfalme wa Denmaki. Akafia Yemeni mwaka 1763, na alichokiandika kikachapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mtu pekee wa msafara ule aliyerudi kwao hai. Andromeda, katika hadithi za Wagiriki, ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyefungwa minyororo kwenye mwamba wa bahari, na Cassiopeia ni mama yake. Mama na mwana wamekutanishwa kwenye jina la mnyama anayelala kwenye tope. Mimi ningekuwa jamaa yao ningedai fidia.

Hatukumgusa hata mmoja. Tulizunguka pembeni, tukavuka. Tulipofika ng'ambo, mimi na msichana aliyekuwa mbele yangu tulikuwa tunajikuna miguu kama tumeingia kwenye upupu. Bi mkubwa aliyetangulia hakuwa na kipele.

Sumu inayoogelea yenyewe

Kila konyeza ana seli za kuchomea. Ndani ya seli kuna kifuko, ndani ya kifuko kuna uzi uliokunjwa, na mle ndani shinikizo ni kubwa. Kitu kikigusa, uzi unafyatuka na kuingiza sumu. Kwa haidra, jamaa yao wa maji baridi, mfyatuko huo umepimwa: hatua ya kwanza, ya kutoboa, inakwisha kabla hata sehemu moja ya milioni ya sekunde haijapita. Hapo hakuna cha kuwahi kuchomoa mguu.

Lakini ni lazima uguse. Hilo ndilo fundo lililonikwamisha. Uzi ni mfupi kupita kiasi, hauwezi kumfikia mtu aliye hatua mbili mbali.

Fundo hilo lilifunguliwa mwaka 2020, na jopo la watafiti lililoongozwa na Cheryl Ames. Walikuwa wanamchunguza *Cassiopea xamachana*, ndugu wa huyu wetu anayeishi upande wa Karibi na Florida, na wao pia walikuwa wanawashwa na maji ya matangi bila kugusa konyeza. Wakachukua ute anaoutoa anapochokozwa, wakauweka chini ya hadubini. Mle ndani wakakuta vijidonge vidogo, sehemu tu ya milimita, visivyo na umbo moja. Nje vimezungukwa na seli za kuchomea. Pia vina seli zenye vinyweleo vinavyopigapiga, kwa hiyo vinajizungusha na kuogelea vyenyewe. Wakaviita kasiosomu. Kamba wadogo wa maabara wakiguswa navyo wanakufa palepale.

Hebu fikiria jambo hilo. Mnyama amelala kwenye tope, hana meno, hana miguu, hafukuzi chochote. Anatoa ute, na ndani ya ute anaachia vipande vya mwili wake viende kuua kwa niaba yake. Yeye hasogei.

Na anatoa ute zaidi akisumbuliwa. Kwa hiyo mtu wa kwanza mstarini anapita kwenye maji safi, anawashtua, na wa mwisho anaoga alichokiacha wa kwanza. Nilimwuliza bi mkubwa kama ndiyo sababu wazee hutangulia. Akacheka hadi akashika kiuno. Akasema wakubwa hutangulia kwa sababu ni wakubwa, mambo ya ute ni yangu mimi na simu yangu.

Kwa wanaoniandikia kuuliza dawa: suuza kwa maji yaleyale ya bahari, usisugue kwa mchanga, usikimbilie maji baridi ya bomba mwanzoni, maana seli ambazo hazijafyatuka zinaweza kufyatuka. Halafu ndiyo kalamaini na kidonge cha mzio. Ukiona pumzi inabana au uso unavimba, achana na duka la dawa, nenda hospitali. Na ule mkojo ambao wengine humwagia palipochomwa, waachieni wanaoupenda.

Shamba mkononi

Rangi yake ya kahawia si yake. Ni ya mwani wa seli moja anaoishi nao ndani ya mwili, mamilioni kwa mamilioni. Mwani unapokea jua na kutengeneza sukari, sehemu kubwa anakula konyeza. Ndiyo maana kalala chali: kaugeuzia jua upande wenye shamba. Mwani wa jamaa hiyohiyo ndio unaolisha matumbawe yetu, na aina iliyopewa jina kwanza, mwaka 1962, ilitolewa kwenye konyeza wa ukoo huu. Wenye kumbukumbu za joto la mwaka 1998, matumbawe yalipogeuka meupe toka huku hadi Kenya na Shelisheli, wanajua kinachotokea ndoa hiyo ikivunjika.

Ila kilichonishika zaidi ni utoto wake.

Yai likipevuka hutoka kiluwiluwi kinachoogelea. Kinatafuta pa kutua, na mojawapo ya mahali kinapopapenda ni jani la mkoko lililoanguka likaanza kuoza. Pale kinageuka kuwa polipi, kitu cha milimita chache kilichosimama kwa shina, mdomo juu, mikono midogo imeuzunguka. Polipi hakurithi mwani kutoka kwa mama. Inabidi aupate mwenyewe kwenye maji. Asipoupata, hakui kuwa konyeza. Anaweza kuishi, anaweza kula, anaweza kuchipua polipi wengine wa kufanana naye, lakini hatua inayofuata imefungwa. Akiupata, na joto likiwa linamfaa, kichwa chake kinaanza kujigeuza umbo, kinakatika, kinaogelea. Huyo ndiye konyeza mchanga. Mmoja kwa mara moja. Shina linabaki, linaota kichwa kipya, linaanza tena.

Nilisoma sehemu hiyo mara kadhaa. Unamhitaji mkoko udondoshe jani, unamhitaji mwani apite, unalihitaji jua lifike chini ya maji. Kisha unapata kiumbe ambaye watu wanadhani yupo tu, uchafu wa bahari.

Pale anapolala naye anafanya kazi. Kwenye Bahari ya Shamu, watafiti walipima na kukuta kwamba kupigapiga kwake kunavuta maji yaliyo ndani ya mchanga, yenye rutuba, na kuyatoa juu yatumiwe na wengine. Tena ni msafiri: Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kufikia mwaka 1903 alikuwa ameandikwa huko Kupro, ndani ya Mediterania, bila pasi.

Usiku wa Pasadena

Hapa makala ingeisha kama ningekuwa mtu wa kuridhika. Nilitaka kujua kinachowasha, nimejua. Lakini katika kusoma habari za sumu nilikutana na utafiti mwingine juu ya konyeza huyuhuyu, wa mwaka 2017, na huo ndio ulioninyima raha.

Unasema konyeza analala.

Nilikataa. Nitaeleza kwa nini. Konyeza hana ubongo. Ana neva zilizotandazwa mwilini, na ukingoni mwa kofia ana vituo vidogo vinavyoamrisha mapigo. Mwaka 1906 Alfred Mayer alifanya jaribio la kikatili kidogo kwa konyeza wa ukoo huu: alikata kofia ikawa pete, akaondoa vile vituo, kisha akaichokoza pete mahali pamoja. Mkunjo ukaanza kuzunguka pete, ukarudi ulikoanzia, ukaendelea kuzunguka kwa siku kadhaa bila amri ya yeyote. Baadaye wataalamu wa moyo wakatumia wazo hilo kuelewa mapigo yanayozunguka ovyo ndani ya moyo wa binadamu. Sasa nyama inayoweza kuzungukwa na mkunjo siku kadhaa bila kituo wala ubongo, utaniambia ina usingizi?

Vijana watatu waliokuwa wanasomea uzamivu pale Caltech, chuo cha sayansi kilichopo mjini Pasadena, Marekani, Ravi Nath, Claire Bedbrook na Michael Abrams, walikuwa na ubishi kama wangu, wakaamua kuumaliza kwa kamera. Waliweka konyeza kwenye tangi, wakawapiga picha mchana na usiku, siku sita mfululizo. Mchana walipiga mapigo 58 kwa dakika kwa wastani. Usiku 39.

Hilo halikunitikisa. Mkwaju nao hukunja majani usiku, na hatusemi unakoroma. Kupunguza mwendo gizani ni jambo moja, kulala ni jingine. Hata aliyezimia katulia.

Wao pia walijua hivyo, kwa hiyo wakaendelea. Usiku wakamwaga chakula kwenye maji. Konyeza wakachangamka, mapigo yakapanda karibu na ya mchana. Basi hawajazimia, wanaamshika.

Kisha wakafanya jambo ambalo bado nikilifikiria nacheka. Walimweka konyeza juu ya kichanja cha wavu ndani ya tangi, wakakishusha ghafla. Konyeza huyu hapendi kuning'inia katikati ya maji, anataka sakafu. Mchana, kichanja kikishuka, anaanza kupiga mapigo mara moja na kushuka chini. Usiku anabaki pale juu sekunde kadhaa, kasimama kwenye maji, kama hajajua kilichompata. Wakirudia muda mfupi baadaye, akiwa ameshashtuka, anajibu upesi kama mchana.

Hapo nikaanza kulegea. Maana huyo namjua. Huyo ni mtu yeyote aliyegongewa mlango saa nane za usiku.

Lakini ngome yangu ya mwisho ilikuwa imara. Usingizi una deni. Ukikosa leo, kesho mwili unadai. Mkwaju ukiumulikia taa usiku kucha, kesho hausinzii kazini.

Deni

Waliwarushia maji.

Kila baada ya dakika ishirini, bomba lilipuliza maji kwa sekunde kumi, wakashtuka. Hivyo hivyo kwa saa sita za mwisho za usiku, na kwa kundi jingine usiku mzima wa saa kumi na mbili. Asubuhi wakaachwa. Walionyimwa saa sita, mapigo yao ya mchana yalishuka kwa asilimia 12. Walionyimwa saa kumi na mbili, asilimia 17.

Nikajiambia: wamechoka tu. Ukimshtua mnyama usiku kucha misuli itachoka, huo si usingizi, huo ni uchovu wa mateso.

Hilo pia walilijibu kabla yangu. Walirusha maji yaleyale mchana, kwa mpangilio uleule, na mapigo hayakushuka hivyo. Usumbufu ni uleule, misuli ni ileile. Tofauti ni saa. Akisumbuliwa mchana, hadai kitu. Akisumbuliwa usiku, anadai, na kadiri alivyonyimwa ndivyo deni linavyokuwa kubwa.

Nilifunga simu. Nikakaa.

Sababu ya kukaa ni kwamba maisha yangu yote nimeamini usingizi ni mambo ya kichwa. Kichwa kinachoka kufikiri, kinahitaji kupumzika, kinaota ndoto, kinapanga kumbukumbu. Ndivyo tunavyosema: akili imechoka. Na huyu hana kichwa. Hana cha kufikiri wala cha kukumbuka kwa maana tuliyoizoea. Nasaba yetu na yake zilitengana zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Ama usingizi ulikuwepo kabla ya ubongo wowote, ama ulizuka zaidi ya mara moja. Vyovyote iwavyo, si zawadi ya wenye akili.

Na ni hatari. Kasa hula konyeza. Anayelala hukawia kushtuka, ile sekunde ya kichanja kinachoshuka inatosha kuliwa. Kama ingewezekana kuishi bila kulala, ungetegemea kwamba katika muda wote huo angepatikana konyeza mmoja aliyeacha tabia hiyo, akafaidika, akazaa wengi. Huyu bado analala.

Upande wa pili wa kaunta

Kwenye utafiti uleule kuna sehemu fupi ambayo wasomaji wengi wataipita, ila mimi niliyeshika biashara hii nilisimama. Waliwapa konyeza dawa. Moja ilikuwa melatonini, homoni ambayo mwili wetu hutoa usiku, na konyeza wakapunguza mapigo hata mchana. Nyingine ilikuwa pirilamini. Hiyo ni dawa ya mzio ya zamani, ya kizazi kimoja na Piriton.

Wakapunguza mapigo pia.

Yaani konyeza akikuwasha, unakuja kwangu, nakupa kidonge, unalala. Na kidonge cha ukoo huohuo, akipewa konyeza, naye anatulia. Siku hizi nikimwambia mteja asiendeshe bodaboda baada ya kumeza, nasema kwa sauti tofauti kidogo. Dawa za kizazi hicho huvuka zikaingia kwenye ubongo, ndivyo tulivyofundishwa kueleza usingizi wake, na kwa binadamu maelezo hayo ni sahihi. Ila yamenibakizia konyeza mkononi, asiye na ubongo wa kuingiwa.

Basi kama si ubongo, kinachodai mapumziko ni nini?

Hivi karibuni jibu moja limetoka Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israeli, na safari hii wamemtumia *andromeda* mwenyewe, huyu wa mikokoni. Wamekuta analala kama saa nane kwa siku, karibu na zetu. Usiku ndiyo hasa, na mchana kati anajiibia usingizi kidogo. Watu wa Tanga tumesikia! Wazee walituambia kailula ni sunna, tukaambiwa na waajiri kuwa ni uvivu, kumbe hata asiye na saa wala mwajiri hujinyoosha baada ya adhuhuri.

Walichokipima ni DNA ndani ya seli za neva. Konyeza akiwa macho, DNA ya seli hizo inapata mikwaruzo na mikatiko, na inaongezeka kadiri anavyokesha. Akilala, inapungua. Wakimzuia kulala, uharibifu unazidi na anadai usingizi zaidi. Wakiuongeza uharibifu wenyewe, kwa mionzi ya jua kali ile isiyoonekana, analala zaidi. Yaani seli ya neva, hata ikiwa imetandazwa kwenye kofia ya ute bila bosi juu yake, kuwa macho kunaiumiza, na matengenezo yanafanyika duka likifungwa.

Kwangu hapo ndipo mambo yalipogeuka. Nilikuwa namtazama konyeza kama mnyama duni anayeiga jambo letu. Sasa naona kinyume: sisi ndio tumerithi mahitaji yake, tukayapambia ndoto, mito ya pamba na nyimbo za kubembeleza watoto. Anayelala kwanza ni seli. Kichwa ni abiria.

Sisemi kila kitu kimejibiwa. Ninachosema ni kwamba nimeacha kuwaambia wateja wanaoomba vidonge vya kukesha, madereva wa maroli na wanafunzi wa mitihani, kwamba ni suala la kujikaza. Vidonge vya kukesha sijawahi kuviuza. Sasa nina sababu ndefu zaidi ya kukataa, na wengine hukimbia kabla sijaimaliza.

Mzee wa lindo

Aliyeisikiliza hadi mwisho ni mzee wetu wa lindo, anayekaa na fimbo na tochi kwenye baraza ya maduka haya tangu tunapofunga hadi alfajiri. Nilikuwa nasubiri usafiri, nikampa habari yote: konyeza, kichanja, maji ya kila dakika ishirini, asilimia 12 na 17.

Akasikiliza kimya, kisha akauliza, "Hao wa maji, walinyimwa usiku ngapi?"

"Mmoja, mzee."

"Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Halafu?"

Nikamwambia halafu waliachwa. Bomba likazimwa, wakapumzika, wakarudi kwenye mapigo yao ya kawaida.

"Walipewa ofu."

"Ndiyo, tuseme walipewa ofu."

Akatikisa kichwa, akaielekeza tochi kwenye kufuli la duka la jirani, akaizima. "Mimi hapa mwaka wa tisa, dokta. Ukiandika, uwaambie wenye maduka kuhusu hiyo ofu. Konyeza waweke pembeni, hawatawaelewa."